Simu Kutoka Pwani ya Theluji

Nasra mwanangu,

Salamu zangu unazijua, na dua zangu unazisikia kila alfajiri kupitia ukuta, kwa hiyo leo naanza bila ya hayo. Umetoka saa nane kwenda Edgware Road, kwenye maduka ya Waarabu, kutafuta halua ya kuwapelekea wenzio wapya wa kazi, na kwa treni za Jumamosi zilivyo, hutarudi kabla ya magharibi. Mkoba wako umeegemea mlango wa choo, mkubwa kuliko mimi, na kila nikitaka kupita lazima niuombe njia. Kesho asubuhi utaondoka nao. Mimi nimekaa meza ya jikoni na kalamu, kwa sababu lipo jambo nililokufanyia ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo, na sikubali uondoke bila ya kulijua.

Sitakuandikia habari za soksi na dawa ya kikohozi. Kuhusu baridi wewe ndiye mwalimu wangu. Mimi ni mtoto wa Unguja. Barafu ya mwanzo kuiona ilikuwa kipande ndani ya glasi ya sharubati, kwenye harusi ya shangazi yangu, nikakitia mfukoni nimpelekee mama. Mtu wa namna hiyo ana nini cha kumfundisha binti anayekwenda Norwei, kwenye milima inayosimama ndani ya bahari, kuchimba mashimo kwenye theluji kila siku na kuwaambia watu wapi pasipitwe? Sina. Hilo ndilo linaloniuma, Nasra. Tangu ulipozaliwa, kila hatari iliyokukaribia nilikuwa na neno lake. Barabara, nilikushika mkono. Homa, nilikukanda. Hii ya sasa sina hata jina lake zuri kwa Kiswahili. Nasema maporomoko ya theluji, na neno linanipwaya mdomoni kama kiatu cha mtu mwingine.

Nianze na ile simu ya miaka miwili iliyopita, kwa sababu kosa la pili limezaliwa na la kwanza.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho chuoni. Mlikwenda wanafunzi sita kupanda milima, nami nilikuwa nimekuonya, kwenye pwani ile ile unakorudi kesho. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimevua kiatu kimoja tu, simu ikalia.

Ukasema, "Mama." Halafu ukasema, kwa Kiswahili, wewe ambaye siku zote unanijibu kwa Kiingereza, "Mama, Ewan amekufa."

Ewan, mwenzio wa chuo, nilimjua. Alikuja hapa mara mbili, akala pilau yangu mpaka akafungua mshipi, akaniuliza kama iliki ni mbegu ya mti au ya ua. Na mimi nikakwambia nini? Sikusema inna lillahi. Sikukuuliza uko wapi, umeumia, nani yuko nawe. Nilisema, "Nilikwambia. Si nilikwambia, Nasra?"

Nilikusikia ukivuta pumzi. Ukasema, "Ndiyo, Mama. Uliniambia." Ukakata simu.

Uliporudi ulikuwa na adabu kama mgeni. Umekula, ahsante. Umelala vizuri, ahsante. Mwaka mzima tukaishi humu ndani wawili, vyumba viwili, na hukunieleza hata siku moja kilichotokea kule juu. Mimi nami sikuuliza. Nilijifanya nakupa nafasi. Uwongo. Nilikuwa naona haya.

Sasa nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukueleza kuhusu babu yako, ujue ugonjwa huu wa kunyamaza nimeutoa wapi. Si kwake. Ni wangu mwenyewe.

Babu yako, Mzee Othman, alikuwa fundi wa mtambo wa umeme pale Saateni. Mapinduzi yalipotokea mimi nina miaka tisa. Jamaa zetu wengi waliondoka. Yeye alibaki, na nadhani alibakizwa kwa kuwa ile mashine ilikuwa inamsikia yeye tu. Nikakua katika miaka ya foleni: foleni ya unga, foleni ya sukari, foleni ya kitambaa. Nilipofika miaka kumi na tisa, kwa njia ndefu ambayo hata leo sijui aliipitia vipi, akanipatia ruhusa ya kuja huku Ulaya kusomea uuguzi. Siku ya kuondoka alinambia jambo moja tu. "Ukiandika, andika sijambo. Sijambo yako inanitosha." Barua wakati ule zilikuwa zinafunguliwa na watu wa serikali, na yeye alijua. Mimi pia nilijua.

Mwaka wa kwanza niliandika sijambo. Mwaka wa pili nilichoka. Nilikuwa na miaka ishirini, nina baridi, nina hasira, nimekutana na vijana wa kwetu wanaosema maneno makubwa kwenye vyumba vidogo. Nikamwandikia baba barua ndefu. Nikamuuliza kwa nini anavumilia. Nikataja majina ya watu. Nikaibandika stempu, nikaitia kwenye sanduku la posta, nikarudi chumbani najiona shujaa.

Kule Unguja baba akaitwa kuulizwa. Siku kadhaa hakurudi nyumbani. Aliporudi hakusimulia, ila tangu siku hiyo alikuwa hawezi kukaa chumba kilichofungwa mlango. Mimi hayo sikuyajua. Nilichopata ni kijikaratasi, mwandiko wa dada yangu Zakia: "Baba anasema usiandike tena."

Nikakasirika, Nasra. Nikasema, haya, kama hanitaki, basi. Nikanyamaza miaka minne. Watu walikuwa wanakwenda Unguja na kurudi, wananiuliza, "Zuwena, huna salamu?" Nasema sina. Siku moja mama mmoja aliyetoka huko akanikuta sokoni, akanishika mabega akanipa pole, na kwa pole yake ndiyo nikajua kuwa baba amekufa, na kwamba arubaini yake imeshapita.

Miaka mingi baadaye Zakia alinambia, "Hakukukataza salamu. Alikukataza karatasi. Kila aliyetoka Ulaya alikuwa akimfuata mpaka nyumbani kwake, anamuuliza, hamkukutana na mtoto wangu?"

Ndiyo hiyo. Sikuandikii ili ulie. Nimeandika kwa sababu ule mwaka tulioishi humu ndani kama wapangaji wawili, kuna asubuhi nilikuwa natia chai kwenye vikombe, nikaona mkono wangu unafanya vile vile. Unangoja mwingine aanze.

Ndipo nikaenda maktaba. Hukulijua hili mpaka baadaye, na ukacheka, lakini hukuyajua yote. Kulikuwa na tangazo la mzee mmoja mpanda milima, atazungumza na kuonesha picha. Nikatoka kazini na sare yangu chini ya koti, na mtandio wangu, nikakaa safu ya nyuma kati ya wanaume wenye ndevu na viatu vya matope. Mzee yule alieleza vizuri. Alisema theluji si kitu kimoja, ni matabaka, kila dhoruba na tabaka lake. Alisema milima ya pwani ina tabia yake: upepo wa baharini unaleta theluji nyingi, nzito, unaibandika upande mmoja wa mlima kama bamba, halafu siku mbili mbele hewa inageuka, joto linapanda, inanyesha mvua juu ya theluji, na kilichokuwa kimeshikana kinaachia. Alisema aghalabu wanaofukiwa, mlima haukuwaangukia tu. Wameukanyaga wenyewe, au mwenzao ameukanyaga. Na akasema aliyefukiwa ana dakika chache, wa kumwokoa ni wale aliokwenda nao; wengine hawawahi.

Wakauliza maswali yao ya vifaa. Mwisho nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa Kiingereza changu, "Aliye chini, anawasikia walio juu?"

Mzee akavua miwani. Akasema, "Baadhi ya waliotolewa hai walisema walisikia kila kitu. Hatua, sauti, majina yao wakiitwa. Lakini walio juu hawamsikii aliye chini."

Nilirudi kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele, na sikujua nimefika kwetu Thornton Heath mpaka dereva alipozima taa.

Siku ya pili nikakuuliza. Nilikuuliza kijinga, umesimama kwenye sinki. "Ile siku, upepo ulikuwa unatoka baharini?"

Ukageuka polepole. "Nani kakwambia habari za upepo?"

"Ulikuwa unatoka baharini au hapana?"

Ukachukua sinia langu la kuokea, ukamwaga sukari, ukaisawazisha kwa kiganja. Juu yake ukamwaga unga wa ngano, ukaushindilia kwa mgongo wa kijiko. Mimi nikasema unaniharibia unga. Ukasema, "Mama, tazama. Sukari haishikani. Unaona? Chembe chembe. Hii ni theluji ya zamani iliyokaa kwenye baridi kavu. Unga ndio theluji mpya iliyoletwa na upepo. Juu panaonekana pazuri kabisa." Ukainua sinia upande mmoja, kidogo, kidogo zaidi. Unga ukapasuka mstari mmoja, ukateremka wote kwa pamoja mpaka kwenye meza.

Ndipo ukanisimulia. Kwamba asubuhi ile yalikuwa manyunyu kule chini pwani. Kwamba mlipofika kwenye mteremko, mguu wako ulipotua, ulisikia mshindo chini, kama mlango mzito unaofungwa ndani ya ardhi, na ufa ukakimbia mbele yako. Kwamba ulijua. Ulikuwa umesoma, na ulijua ule mshindo ni nini. Ukasema, "Labda turudi." Ukasema kwa sauti ndogo. Mmoja akasema tumeshafika, bado kidogo tu. Ewan akakutazama wewe, akangoja. Nawe ukanyamaza. Yeye akatangulia, na theluji ikaachia ikamfukia.

Mlimpata kwa vile vidude mlivyovaa vifuani vinavyopeana ishara, mkachimba kwa mabeleshi mpaka mikono ikatoka damu, na alikuwa mbali sana chini.

"Alinitazama mimi, Mama," ulisema. "Alikuwa tayari kurudi. Alikuwa anangoja niseme tena."

Sikusema nilikwambia. Nilikukumbatia na unga wote ule. Nilidhani siku ile tumepona.

Sasa kosa la pili.

Uliomba kazi hii, ukanieleza kwa nini. Ulisema, "Nataka niwe yule anayesema, na akisema, barabara inafungwa na watu hawapandi." Nikaitikia kwa kichwa, nikasema vizuri, mwanangu. Moyoni nikasema hawatakuchukua. Pwani yao, milima yao, wana watoto wao. Wamchukue binti wa Thornton Heath wa nini?

Jumanne moja, wewe uko dukani kwenye ile kazi yako ya muda, simu ya nyumbani ikalia. Mwanamume, Kiingereza chake cha taratibu, ana adabu. Akajitaja, akasema anapiga kutoka pwani ya Norwei, anamtaka Nasra, wangependa kumpa nafasi, apige simu kabla ya Ijumaa. Akanipa nambari. Nikaiandika nyuma ya bahasha, tarakimu zote, nikamsomea tena azihakiki. Akasema sawasawa.

Halafu mdomo wangu ukasema, "Samahani, bwana. Nasra amepata kazi nyingine. Amebadilisha nia."

Akasema ni masikitiko, akataka nikufikishie salamu. Nikasema nitazifikisha.

Nikaichana ile bahasha, nikaitia pipani chini ya maganda ya vitunguu.

Sitakwambia shetani alinipitia. Nilijua ninachofanya. Tangu siku ya maktaba nilikuwa nikifumba macho nakuona uko chini na mimi niko juu nakuita, na sikusikii. Mama mwingine labda maarifa yangemtuliza. Mimi yalinizidishia hofu, na hofu ikanipa ujasiri wa kuiba.

Wiki tatu ulikuwa ukiingia, kabla hujavua koti, unauliza, "Mama, kuna mtu amepiga?" Na mimi, "Hapana, mwanangu." Mara ya ngapi sijui. Siku moja nikakusikia chooni umefungulia maji ya bomba ili nisisikie kilio. Nilisimama nje ya mlango na sahani ya matunda mkononi. Nilikuwa na neno moja la kukunyamazisha, na sikulitoa. Nikarudi jikoni nikala yale matunda mwenyewe.

Kisha ukapiga simu wewe. Nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia unasema, "Hapana, hapana, sijapata kazi nyingine. Nani alisema?" Ukasikiliza jibu. Halafu ukasema, "Basi patakuwa pamechanganywa majina." Mungu wako ni mkubwa: waliyemchukua badala yako alikuwa amejitoa siku mbili nyuma.

Uliweka simu chini ukanitazama. Ukasema, "Nimepata. Walinichanganya na mtu." Nikapiga kigelegele, Nasra. Nilipiga kigelegele kweli, mpaka jirani akagonga ukuta. Na wewe uliendelea kunitazama, na mpaka leo sijui ulichokiona.

Huenda unajua. Huenda umejua siku zote, na ukaamua kunistahi. Kama ni hivyo, heshima hiyo siiwezi. Inanilemea kuliko tusi.

Nimejaribu mara nyingi. Juzi nilikuja mpaka mlangoni kwako unapakia. Ukaniuliza, "Unataka kitu, Mama?" Nikasema nauliza kama umechukua taulo.

Sikuandikii kukuomba usiende. Hilo nimelishindwa na sasa silitaki tena. Wala siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Nitaogopa kila itakaponyesha hapa, maana nitajiuliza huko pwani inanyesha nini. Sina la kufanya. Theluji haitajua kuwa wewe ni mtoto wa pekee. Haitajua marehemu baba yako aliniachia wewe una miaka sita. Dua nitaomba, na baada ya dua nitakaa kwenye kiti hiki na mikono yangu mitupu, na sijui mtu mwenye mikono mitupu anafanya nini siku nzima.

Lakini nimeona jambo dogo kuhusu mimi, labda litakufaa, labda halitakufaa. Mara zote nilizoharibu, nilikuwa najua. Nilijua barua zinafunguliwa. Nilijua neno gani ulilihitaji kwenye simu. Nilijua nambari ile ni ya maisha yako. Sikukosa elimu hata mara moja. Wewe umelijua hili mapema kuliko mimi, na umelijua kwa njia chungu, na unakwenda kulifanyia kazi. Siku utakapowaambia watu warudi na wakakucheka, mimi sitakuwapo, na hata ningekuwapo nisingejua mteremko upi ni upi. Sema mara ya pili tu. Mara ya kwanza uliisema.

Na ukinipigia simu una jambo zito, huna haja ya kungoja nitakujibu vipi. Ikiwa nitasema neno baya, nikatize. Niambie, Mama, nyamaza, sikiliza. Nitasikiliza.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute huko. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona hila yake: ningekuwa nimejificha tena. Ungeisoma kwenye chumba cha kigeni, na hasira zako zingekosa mtu.

Nasikia ufunguo wako mlangoni. Umeingia, unavuta pumzi za ngazi, unasema duka lilikuwa limejaa. Umeniona na kalamu. Umeuliza kwa Kiingereza naandika nini, nami nimekujibu kwa Kiswahili kwamba ni barua yako, kuhusu ile simu.

Hukuuliza simu ipi.

Umekaa kiti cha mbele yangu, na koti lako, unangoja nimalize. Nimemaliza. Chukua, soma hapa hapa. Mimi siendi popote.

Mamako,
Zuwena